Si Kila Mtoto Asiyeonekana Amefichwa

Mtafiti wa chuo kikuu akifika Lamu kuuliza kwa nini watoto wenye ulemavu ni wachache madarasani, jibu la haraka analopewa ni kwamba wazazi huwaficha kwa haya. Analiandika, wenzake wanalinukuu, na mwisho tunashauriwa kuwahamasisha wazazi.

Haya hiyo ipo, sikatai. Zipo nyumba ambazo mgeni akipiga hodi mtoto husukumwa chumba cha ndani, na wapo wanaoamini hadi leo kwamba ulemavu ni laana au kazi ya jini. Waliolitaja jambo hilo wazi wametenda jema.

Lakini mama wa kisiwa cha Pate ambaye mwanawe hatembei ana hesabu nyingine. Kuja Lamu mjini ni lazima ambebe mpaka gatini Mtangawanda, amteremshe botini, na nahodha naye atazame maji, kwa kuwa mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri yakipwa. Akishuka mjini, vichochoro ni vyembamba, punda wanapita na mizigo, na milango mingi ina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye vidato. Kiti cha magurudumu hapo hakifiki mbali. Akishindwa safari hiyo mara tatu akabaki nyumbani, jina lake kwenye tasnifu ni mzazi anayeficha mtoto. Hapo ndipo ninapoona dhuluma.

Kuna na takwimu inayonisumbua. Sensa ya 2009 ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Ya 2019 ikasema 2.2, kama watu laki tisa. Hakuna aliyepona ghafla. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza. Safari hii waliulizwa habari za wenye umri wa miaka 5 na zaidi, na aliyehesabiwa ni yule mwenye shida kubwa au asiyeweza kabisa kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria asilimia 16 ya watu wote duniani. Sasa mchukue mtoto wa Faza, huko huko kisiwani Pate, anayesikia nusu nusu, anayesoma midomo ya mwalimu na kunakili daftari la jirani. Mamake akiulizwa atasema, “Ana shida kidogo tu,” kwa huruma na kwa kumwombea heri. Neno “kidogo” limemtoa kwenye hesabu. Mamake amemtaja, wala hakumficha. Chujio ndilo lililomwangusha. Na asiyehesabiwa hapangiwi mwalimu wala kifaa cha kusikia.

Wasomi watajibu, na kwa haki, kwamba maswali hayo yanawezesha nchi kulinganishwa na nyingine, na kwamba fedha za utafiti hazitoshi kukodi boti kila kisiwa. Kweli. Ila anayeanzia kwa mwalimu mkuu ataishia kuwajua waliokwisha kufika shule.

Katiba, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Maslahi hayo hayajulikani kwa kuuliza darasani. Ningetaka hojaji ianzie gatini, na swali la kwanza liwe: nani humbeba huyu mtoto, na maji yakipwa humshusha wapi?