Vifo vya watoto Mombasa: masika yana lawama kiasi gani?

Wazee wa Mombasa hawahitaji takwimu ili wajue kwamba masika huja na homa. Mvua ikikolea mwezi wa Mei, vyoo vya shimo vya Kisauni na Likoni hufurika, visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka hapo huchafuka, na mtoto anayenyweshwa maji hayo huharisha. Wiki chache baadaye mbu wamekwisha kuzaliana na malaria hupanda. Kaskazi nayo ina zamu yake: utafiti wa miaka mingi katika kaunti jirani ya Kilifi umeonyesha kwamba kirusi cha RSV, kinachobana vifua vya wachanga, huanza kuenea mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo wanaodai vyandarua na dawa za kuharisha zifike zahanati kabla ya mawingu, si baada ya mafuriko, hawabahatishi.

Hata hivyo, hesabu za kitaifa zinanifanya nisite. Mwaka 2014, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 52 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano, 22 kati yao katika mwezi wa kwanza. Mwaka 2022 walikuwa 41, na wa mwezi wa kwanza 21. Nafuu karibu yote imewaangukia waliovuka mwezi, yaani wale wanaoandamwa zaidi na mbu na maji machafu, na ambao chanjo za nimonia na za rota, kirusi kinacholeta kuharisha, zimewakinga. Kichanga aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa, hangojei kusi wala kaskazi. Mama wa Likoni anayepewa rufaa usiku wa manane huisubiri feri ya kuvukia kisiwani ndani ya tuktuk, iwe Januari au Juni.

Upande wa msimu una jibu, nalo si dogo: malaria ya mjamzito huzaa mtoto mwenye uzito pungufu, hivyo mbu wa Juni anaweza kuhusika na kifo cha Oktoba, ambacho kalenda haitamhesabia. Nakubali. Lakini fedha zikiwa haba, ningeanza na mkunga wa zamu ya usiku na oksijeni, kwa kuwa vyandarua vina wafadhili tayari, na mama huyo bado yuko kwenye foleni.