Mau Summit Kila Mtu ni Daktari wa Injini

"Weka simu karibu na injini nisikie," bosi akasema.

Huyu bosi yuko Nakuru mjini, amekaa dukani kwake, kikombe cha chai mkononi. Mimi niko Mau Summit, juu kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kisumu, ukungu umenifika hadi kwenye kope, nimebeba kabeji za Kinangop zinazongojwa soko la Kibuye kule Kisumu, na chini ya kabini kuna kitu kinapiga ko-ko-ko-ko kama mwenye nyumba tarehe tano. Nikaweka simu. Bosi akasikiliza, akakohoa, akatoa hukumu: "Hiyo ni fanibelti. Kaza uendelee."

Fanibelti! Belti ikilegea hulia, haigongi. Lakini utamwambia nini mtu aliyenunua lori na hajawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja?

Na ni yeye huyo huyo aliyetufikisha hapa. Tulipokuwa tukipanda kutoka Salgaa kwenda Sachang'wan, mvuke ulianza kutoka chini ya kabini. Nikampigia: bosi, gari imechemka. Akaniuliza mshale wa joto unasema nini. Nikamwambia mshale umelala chini kabisa. "Basi gari iko sawa. Jikaze ufike Mau Summit." Sasa mshale haupimi chuma, unapima maji. Maji yakiisha, sensa inabaki inaning'inia kwenye mvuke na hewa, mshale unashuka taratibu, unakuonyesha baridi wakati hedi, kichwa cha injini, inaiva. Nilimweleza hayo yote kwa adabu. Akasema mimi ni dereva wa kupenda kusimama simama.

Tukajikaza. Injini nayo ikajikaza, mpaka ikaanza kuongea.

Tuliposimama tu, tanboi wangu, msaidizi wa lori, kijana mwenye moyo mzuri na haraka mbaya, alikuwa ameshashika jerikeni ya maji ya mto. Nikamrukia. Ukimwagia injini yenye moto maji baridi, hedi inaweza kupasuka, na ukifungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maji yanaruka yanakuchubua uso. Akanuna. Akasema kwao Londiani wanamwaga tu na magari yanatembea. Sawa, magari ya Londiani yamebarikiwa.

Basi watu wakaja. Sijui Mau Summit huwa wanapigiana simu? Mama wa karoti akasikiliza, akasema hiyo ni oili imepungua, na shemeji yake anauza oili pale nyuma. Kijana mmoja mwenye koti la mvua akasema ni tapeti, vile vya kusukuma valvu, na yeye ana spana ya kurekebisha tapeti. Mwingine akasema injini imekufa, tuitoe tuweke nyingine, na kwa bahati njema anajua mahali ambapo injini moja imetolewa kwenye gari lililopinduka. Halafu akaja bwana mmoja na mkoba, akainamisha kichwa mara moja, akasema: "Dere, hiyo ni nozeli." Ndani ya mkoba kulikuwa na nini? Nozeli, ile ya kunyunyiza dizeli ndani ya silinda. Huo ugonjwa unaojua kilichomo mkobani mwa daktari unanitia shaka sana.

Bosi naye hakukubali kushindwa. "Rekodi hiyo sauti unitumie, nimpelekee shemeji yangu aliyesomea mambo ya magari." Nikarekodi, nikatuma. Bosi na simu ni maadui wa zamani. Sauti ya injini ikaishia kwenye grupu la kamati ya harusi ya mpwa wake, ambako mimi pia nimo kwa sababu nimeahidiwa kubeba viti. Mtu wa kwanza akajibu "Amina." Wa pili akauliza kama hiyo ndiyo bendi iliyolipwa dipoziti. Shemeji mwenyewe akaandika: "Inaweza kuwa kitu chochote." Msomi.

Mama wa Kibuye akapiga. "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "kabeji zangu ziko wapi?" Ziko Mau Summit, mama. "Mau Summit wanafanya nini?" Wanasikiliza injini, mama.

Fundi wa kweli nilimpata jioni. Mzee mfupi, ovaroli ngumu kwa oili hadi inaweza kusimama peke yake, na hakusema jina la ugonjwa wowote. Hilo peke yake lilitosha nimpende. Alivuta dipstiki kwanza. Oili haikuwa nyeupe, kwa hiyo maji hayajaingia. Akanusa: imeungua. Akaniambia injini ipumzike usiku kucha, asubuhi tusikie ikiwa baridi.

Asubuhi nikawasha kidogo tu. Akaniuliza, "Imegonga zaidi ya jana au kidogo?" Kidogo, mzee, lakini inavyopata joto inazidi. Akatikisa kichwa. Pistoni iliyochakaa, akasema, hupiga kelele ikiwa baridi, ikipata moto inatulia. Hii inafanya kinyume. Na tapeti kelele yake ni nyepesi, tena hupiga nusu ya mwendo wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Hii ni nzito na inatoka chini. Mwenye koti la mvua akakunja spana yake.

Halafu mzee akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini kwenye sikio, akafumba macho. Watu wote kimya. Akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, dizeli ikamwagika kidogo: ko-ko-ko vile vile. Akakaza. Ya pili: vile vile. Ya tatu: kelele ikalainika, ikawa mnong'ono. Akanionya nisije nikajaribu mchezo huo kwa magari ya kisasa ya kompyuta, kwa sababu dizeli yake inatoka kwa msukumo wa kutoboa ngozi. Hili letu ni la kizamani, pampu ya chuma tupu.

"Si nilisema!" Bwana wa nozeli aliruka nusura aanguke mtaroni. Tayari alikuwa anafungua zipu ya mkoba. Mzee hakumtazama. Alisema tu kwamba ukikata mafuta ya silinda, nozeli mbovu hunyamaza, na konrodi iliyolegea, ule mkono unaoshika pistoni na kranki, hunyamaza pia. Akatoa nozeli ya silinda ya tatu akaiweka kwenye ya pili, ya pili akaiweka kwenye ya tatu. Nikawasha. Kelele ingehama na nozeli, bwana angeuza. Haikuhama, ilibaki pale pale silinda ya tatu. Bwana akafunga zipu, akasema ana haraka ya kwenda Molo.

Kilichobaki ni filta ya oili. Mzee aliikata kwa msumeno wa chuma, akaikunjua ile karatasi ya ndani juu ya gunia, mkunjo baada ya mkunjo, akaigeuza kwenye jua. Vumbi la rangi ya shaba na la fedha lilikuwa limelala kwenye kila mkunjo. Akapitisha sumaku juu yake. Hakuna kilichoruka. Chuma cha kranki au cha ringi kingeshikwa. Madini laini yanayofunika beringi za konrodi, zile zinazokaa kati ya konrodi na kranki, hayashikwi na sumaku. Akaniangalia mara ya kwanza vizuri usoni. "Beringi ya tatu imekwisha. Injini ilipata moto mno, oili ikawa nyepesi kama hakuna, ikaacha kubeba. Chuma na chuma vikakutana."

Na moto ulianza wapi? Akainua kifuniko cha rejeta kwa vidole viwili. Springi imelegea, mpira umekauka. Hapo ndipo nilipotaka bosi awepo aone, kwa sababu hicho kifuniko alikinunua yeye, cha bei ya kutupa, nikamwambia kimelegea, akaniambia kifuniko ni kifuniko. Haya sasa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na huko maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukipanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700, yanachemka kwenye 91. Kifuniko kizima huyabana yasichemke hata yakipita 100. Kifuniko cha bosi kinayaacha yachemke kienyeji, yamwagike, halafu mshale ulale, halafu mimi nijikaze.

Nikampigia. Nikamweleza beringi, filta, sumaku, springi, mita, nyuzi. Alinyamaza sana. Kisha: "Lakini fanibelti mmekaza?"

Kabeji zilipakiwa kwenye lori la mtu mwingine, na mama wa Kibuye ameshasema zikifika zimenyauka atalipa nusu, nusu nyingine nimdai injini. Mzee alifungua sampu, akatoa kranki. Shingo ya kranki inaposhika konrodi ya tatu ilikuwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, kwa hiyo lazima kranki ipelekwe Nakuru kuchongwa, halafu beringi ziwe za saizi ya shingo iliyopungua, milimita 0.25 kama tuna bahati. Bosi akasema gari la kuibeba hakuna, nipande nayo matatu.

Makanga alitazama ile kranki, akatazama abiria, akaipima uzito kwa mguu.

"Hii inalipa kiti."

Nikamwambia nitaipakata.

"Ukiipakata utalipa viti viwili. Magoti yako yako kwa njia."