Mpeni kijana hela ya wiki, si ya siku

Kuna makala inayowashauri wazazi wampe kijana wa sekondari hela ya matumizi kila asubuhi ili asiifuje. Sikubaliani nayo: hela ya siku moja haina cha kupanga, jioni imeisha na kesho inakuja nyingine. Mpeni ya wiki, Jumapili jioni, tena kwa noti ndogo na sarafu. Tuseme ni shilingi 7,500. Nauli ya daladala ya mwanafunzi ikiwa 200 kwenda na 200 kurudi, siku tano ni 2,000. Hiyo aitoe kwanza na kuiweka kando, maana chipsi za Jumanne ndizo hula nauli ya Ijumaa. Chakula cha mchana kikiwa 800 kwa siku, ni 4,000. Inabaki 1,500 ya kupanga mwenyewe, atumie au aweke akiba, na hapo ndipo somo lilipo. Awe na daftari la matumizi lenye safu nne tu: tarehe, alichonunua, bei, salio. Jumamosi hesabuni kwanza hela iliyoko mkononi, halafu ndipo mfungue daftari. Mkianza na daftari atazirekebisha namba zifanane. Wanaoharibu mpango huu mara nyingi ni wazazi wenyewe: Alhamisi mtoto akilia ameishiwa anaongezewa, au mama anakopa kwenye kibubu cha mtoto na harudishi (hapo akiba imeshakufa). Akiishiwa, mpeni nauli tu, chakula abebe cha nyumbani. Hela ya kwenye simu nayo ni balaa jingine, akitoa kidogo kidogo mara tano anakatwa ada mara tano. Wenye watoto wa bweni, hela mnamwachia matroni au mtoto anakaa nayo mwenyewe?