Sakafu ya Byland na lawama ya unafiki

Wanaowasema vibaya Wasitoo, shirika la wamonaki wa Kikatoliki, kwa sakafu zao huanzia mwaka 1205, mkutano mkuu wa shirika ulipomkemea abati (mkuu wa monasteri) wa Pontigny, Ufaransa, kwa kutandaza sakafu ya kifahari mno. Mwaka 1210 ikawa zamu ya abasia ya Beaubec: mmonaki wake alikuwa ameachiwa muda mrefu awatengenezee watu wa nje sakafu za madoido. Kisha inatajwa Byland, abasia yao ya kaskazini mwa Uingereza, ambako vigae vya karne ya 13, vya kijani na manjano, bado vimelala mahali pake katika vikanisa vya upande wa kusini. Hukumu haichelewi: wanafiki hawa, waliweka nadhiri ya ufukara huku wakikanyaga mapambo.

Lawama hiyo si ya bure. Vigae vile vilikula kazi. Udongo ulikatwa kwa kisu ungali mbichi, kipande kimoja kimoja, duara, pembetatu, msambamba. Ukapakwa mng'aro wa madini ya risasi: juu ya udongo mweupe hutoka manjano, ikitiwa shaba hutoka kijani. Tanurini udongo hunywea, na kipande kikinywea kuliko jirani yake, duara zima halifungi. Kuni zile na mikono ile vingeweza kuwafaa maskini, na Bernardo wa Clairvaux, abati maarufu wa Wasitoo, angekuwa wa kwanza kusema hivyo. Hapo sina utetezi.

Ila huyo huyo Bernardo, katika waraka wake wa mnamo 1125, alieleza waziwazi kinachomkera kwenye sakafu. Watakatifu wamechorwa chini, anasema. Mtu anamtemea malaika mate mdomoni, mwingine anampondaponda mtakatifu uso kwa kisigino. Mbona hatuziheshimu hata picha za watakatifu, zilizojaa kwenye sakafu tunayoikanyaga? Swali hilo halina jibu kwa mwenye kuchora malaika sakafuni. Kwa Byland halina hata pa kushika, kwa sababu pale hakuna uso wa mtu wala wa malaika. Unayemkanyaga ni nani? Pembetatu?

Hofu yake nyingine ilikuwa kwamba mmonaki atashinda akishangaa michongo badala ya kutafakari sheria ya Mungu. Hiyo nayo inategemea kilichochorwa. Kwenye vigae vilivyofukuliwa Chertsey, abasia ya Wabenedikto, kuna Tristan na Isolde, mapenzi yenye mwanzo na mwisho. Jicho likishanaswa na kisa kile, sala imekwenda. Duara linalojirudia halina kisa cha kufuatilia. Ukishaliona moja umeyaona yote, unaendelea na zaburi yako. Wanaoweka Byland na Chertsey kwenye kapu moja kwa kuwa vyote ni vigae vya rangi wanasoma rangi tu.

Anayetaka Wasitoo waliolegea kweli aende abasia ya Cleeve, Somerset, Uingereza. Katika bwalo lao la karne ya 13 vigae vina simba wa Mfalme Henry III, tai wa vichwa 2 wa nduguye Richard wa Cornwall, na mistari ya pembe ya akina de Clare, ukoo wa makabaila. Hapo wamonaki walikula chakula chao juu ya nembo za wakubwa, na sioni waraka wala nadhiri inayoweza kuwaokoa. Gharama yaweza kuwa ilikuwa ile ile ya Byland, au hata ndogo. Kilichowaponza ni kujipendekeza.