Zamu ya Kuamsha Watu

Kuna mzee mmoja wa Kimarekani, mtu wa watu, mwenye kitambi cha heshima, ambaye mpaka leo tukikutana hunitazama kwa jicho la pembeni. Chanzo ni vineno viwili vya Kiingereza: "knock up".

Tulikuwa kwenye semina, na kesho yake basi letu lilikuwa liondoke saa 11 alfajiri. Mimi nikapewa zamu ya kuamsha watu. Sasa, Kiingereza changu kimelelewa na vitabu vya zamani vya Waingereza, na humo "knock up" ni kumgongea mtu mlango ili aamke. Nikasimama mbele ya ukumbi, nikamwambia mzee yule kwa adabu zote: "Sir, I will knock you up at four."

Akatazama kitambi chake. Akanitazama mimi. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Kumbe kwao Marekani nilikuwa nimemwahidi mimba, tena kwa miadi ya saa 10 usiku.

Mwingereza pekee kundini, ambaye hakuona kioja chochote, akanyoosha mkono: "Na mimi tafadhali, ila iwe saa 10 na nusu."

Huyo ndiye akawa wakili wangu, Mungu amlipe, ingawa kila utetezi wake ulizidi kunizamisha. Alieleza kwamba zamani, watu wengi walipokuwa hawana saa za kengele, miji ya viwanda ya Uingereza ilikuwa na watu walioishi kwa kazi hiyo. Walipita mitaani gizani na fimbo ndefu, wakagonga madirisha ya ghorofani mpaka mfanyakazi ajitokeze, na ujira wao ulikuwa peni chache kwa wiki. Mary Smith wa London mashariki yeye alipuliza njegere kavu kwa mrija hadi kwenye kioo.

"Mwanamke?" akauliza Mmarekani.

"Naam. Wateja wake walikuwa mitaa na mitaa."

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Akaongeza kwamba wacheza tenisi nao hufanyiana hivyo kabla ya mechi, akimaanisha kupasha mwili kwa kurushiana mipira, na kwamba hata staftahi yaweza kupatwa na tendo hilo, yaani kuandaliwa chapuchapu. Mzee akasukuma sahani yake pembeni.

Saa 10 nilipofika chumbani kwake, nilikuta mlango wazi na taa zote zinawaka. Amekaa juu ya sanduku, kavaa koti, kafunga na kamba za viatu. Sijainua hata mkono, akapaza sauti: "Niko macho! Niko macho tangu saa 8!"