Tai niliyemkatia baba mkwe

Tai bila nyusi ni njiwa mkubwa tu, naomba tuanzie hapo. Sawa, najua ndege hana nyusi, kile unachokiona juu ya jicho la tai ni mfupa uliochomoza unaomkinga na jua, lakini ndio huohuo unaomfanya muda wote aonekane kama anakudai hela na leo ndo siku ya mwisho. Utoe ule mfupa uone. Kucha zipo, mdomo wa kupinda upo, mbawa ndo usiseme, lakini sura yote imekwisha, unabaki na ndege anayekodoa macho.

Sasa baba mkwe wangu alikuwa anastaafu. Mzee mwenyewe mtu wa sauti nzito, hacheki ovyo, na ana mbwa wake wawili, Kamanda na Sajenti, ambao ukipiga hesabu anaongea nao kuliko anavyoongea na wakwe zake wote kwa pamoja. Wenzangu waliooa nyumba hiyo wakaanza kujipanga, mmoja kanunua kiti cha kuegemea, kile kikubwa hadi kinajikunja chenyewe, mwingine saa ya ukutani. Mimi nikasema ninunue nini wakati msumeno wa skroli ninao na muda ninao? Namkatia tai, kapanua mbawa, na chini maneno ya mbao RUKA JUU KWA MBAWA ZAKO. Mke wangu akauliza, "Una uhakika?" Mliooa mnajua hilo swali halisubiri jibu, nikajifanya nasaga kitu.

Kwa asiyeujua huo msumeno, ni mashine ya mezani, bledi yake nyembamba sana imebanwa juu na chini, yenyewe inapanda na kushuka palepale haisogei, nyingine ukiifungulia inafika mara 1600 kwa dakika, na wewe ndiye unayezungusha mbao kufuata mchoro. Vikona inavyokata hii, msumeno wa kawaida hata usiujaribishe. Kinachotesa ni matundu ya ndani. Bledi haina njia ya kuingia kutokea pembeni, kwa hiyo kila tundu unatoboa kwanza na drili, unalegeza bledi upande wa juu, unaipitisha kwenye kitobo, unaibana, unaikaza, unaidonoa na kidole kusikia kama inalia mlio mwembamba, ikilia mlio mzito ujue imelegea itakupeleka kusikojulikana. Ndo unawasha. Kukata kwenyewe sekunde kadhaa, halafu unafungua yote upya unahamia tundu la jirani. Na tai ni manyoya matupu jamani. Yaani matundu matupu. Kuna wakati nilijiuliza kwa nini sikuchagua samaki.

Staili yangu ilikuwa ile ya kutoboa plaiwudi ya milimita 3 halafu nyuma unaweka ubao mweusi, palipotobolewa panakuwa kivuli, pasipotobolewa ndo manyoya na kichwa. Inapendeza kinoma ila ina roho mbaya, kwa sababu kila kinachobaki lazima kiwe kimeshikana na mwenzake, ukikata daraja moja la mbao kilichokuwa kinaning'inia hapo kinaondoka na hakiagi. Huo mfupa wa juu ya jicho kwenye mchoro wangu ulikuwa kamkanda kembamba, chini yake tundu la jicho, juu yake tundu la kivuli. Na nilikakata vizuri! Nilianza nako kabisa, kama wazoefu wanavyofanya, vitundu vidogo vya katikati kwanza wakati mbao bado ina nguvu, mbawa baadaye. Nilipomaliza unyoya wa mwisho nikazima mashine nikamtazama, akanitazama. Dah. Tai huyu alikuwa na hasira za halali.

Kilichobaki ni kubandua karatasi ya mchoro. Unaigandisha juu ya mbao kwa gundi ya kupuliza ili uifuate mstari kwa mstari, ukimaliza unaipasha moto kidogo gundi inalegea, unabandua taratibu. Nikaazima draya ya nywele ya mke wangu, kijana wangu wa miaka kumi akaja kushika upande mmoja, nikamwambia taratibu, polepole, usivute. Sasa mtoto wa miaka kumi ukimpa kitu kinachobanduka na ukamwambia asivute, hapo umemwambia nini? Nikasikia chaa! Karatasi yote mkononi kwake, mzima mzima, kafurahi. Nyuma ya karatasi kamenata kamkanda ka mbao kamevunjika vipande vitatu, kimoja hata sikukiona kilipoangukia.

Lile tundu la jicho na lile la kivuli vikaungana vikawa dunia moja.

"Baba, mbona kashtuka?"

Nilijaribu kumrudishia. Nikachonga kibanzi kingine nikakigandisha, kikakaa mshazari, tai akawa na sura ya mtu anayetaka kukuuliza swali lakini anaona aibu. Nikabandua. Nikajaribu na kalamu nyeusi, akavaa miwani. Nikapiga msasa mpaka miwani ikaisha, nikaweka ubao mweusi nyuma, nikasimama mlangoni, nikafumba jicho moja, nikajiambia kutoka hapa mkali. Mzee ataiweka juu ukutani, nani atapanda kumkagua macho.

Zikabaki herufi. Hizi nilikata kwenye mbao nyeusi nyeusi, nene kidogo, kila herufi kivyake halafu zinagandishwa chini ya tai. Watu wanaona herufi wanadhani kazi ndogo. Haya hesabu na mimi, R ina tundu la ndani, O ina tundu, B matundu mawili, na A, hiyo A ndo adui, kwenye yale maneno ziko 5 na kila moja ina katundu kake, kwa hiyo jumla mara 9 unafungua bledi na kufunga kwa ajili ya vitundu visivyozidi ukucha. Halafu meno ya bledi yanaangalia chini, inapokata inavuta kushuka, na katikati ya meza ya mashine kuna uwazi inapopita bledi. Mashine yangu huo uwazi ni mpana. Kitu kidogo kikishakatika na ukazubaa kidogo kinadumbukia humo moja kwa moja hadi kwenye trei ya vumbi, na makelele yale husikii chochote.

Zilipokuwa tayari nikazimwaga mezani, mgongo unaniuma, macho yamejaa unga wa mbao, nikamwambia kijana (ambaye bado alikuwa anajipendekeza kwa sababu ya karatasi) apange maneno na rula, nikamtamkia kabisa mara mbili. Nikaenda kuoga. Niliporudi kapanga mstari umenyooka, nafasi sawasawa kati ya herufi na herufi, hakuna pengo hata moja, aisee nilimsifia. Tukagandisha, tukapaka vanishi, ikakauka, mama yake akaifunga na karatasi ya zawadi huku anaongea na simu. Kwa hiyo hiyo picha imepita mikononi mwa watu watatu wanaojua kusoma.

Siku yenyewe sebule imejaa. Kiti kimeshapokelewa, saa imeshapokelewa, mzee anasema asanteni kwa sauti ileile anayosemea habari za asubuhi. Ikaja yangu. Akachana karatasi, akaishika kwa mikono miwili akaisogeza mbali, si unajua wazee wanavyosoma, akatulia, halafu akasoma kwa sauti, neno moja moja, chumba kizima kinasikiliza:

"Ruka. Juu. Kwa. Mbwa. Zako."

Nilihesabu herufi kwa vidole nyuma ya mgongo. Nikahesabu tena. Mke wangu hakunitazama kabisa, jambo ambalo ni baya kuliko kutazamwa. Shemeji yangu mdogo alitoka nje anapokea simu ambayo haikuita.

Mzee bado kashika picha. Kimya. Mama mkwe akasogea, akaweka miwani, akachungulia, na yeye huwa hana breki, "Sasa huyu tai mbona katoa macho hivi?"

Mzee hakugeuka hata kidogo. "We ungerushwa juu na Kamanda usingetoa macho?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yeye mwenyewe. Nimeoa hapo miaka mingi, sikujua yule mzee ana meno ya nyuma. Akaanza kueleza wageni, kwamba wakwe wengine wamemletea vitu vya kukalia na vya kuangalia saa, mtu mstaafu wa saa ya nini, lakini huyu ndiye pekee aliyewakumbuka Kamanda na Sajenti, na katumia akili, kamchora tai wakati ule ule anaposhtuka. Akaita mbwa waletwe waione. Mwenye kiti alinikazia macho mpaka tunaondoka, na sikumlaumu, kile kiti kilikuwa kizuri.

Njiani nikamuuliza kijana, mwanangu, mimi nilikwambia mbwa?

"Si ulisema mbwa za babu?"

"Nilisema mbawa."

"Babu hana mbawa, baba."

Mama yake akaongeza sauti ya redio.

A yenyewe niliikuta baadaye nikimwaga trei ya vumbi, nzima, haina hata mkwaruzo. Roho ikanisuta, nikaiweka mfukoni na katyubu ka gundi, tukaenda kuwasalimia, nikavizia mzee kaenda kuogesha mbwa nikainama pale ukutani, maana kaitundika chini, usawa wa Kamanda, ili waione vizuri. Ndo napima wapi nitasogeza hiyo M na B nikasikia sauti nzito nyuma yangu.

"Unamtoa nani hapo?"

Nikamwonyesha A kiganjani. Akaichukua, akaigeuza geuza, akanirudishia.

"Weka akiba. Paka wa mama mkwe wako kanuna tangu siku ile, na yeye jina lake ni A tupu."