Kabidi ya boroni katika kinu cha nyuklia: ibaki au iondolewe?

Wakata vito wa Arusha, ambao kazi yao yote huanza na ugumu wa jiwe, wangeipenda kabidi ya boroni, mchanganyiko wa boroni na kaboni, kwa kuwa ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoikaribia almasi. Ndani ya kinu cha nyuklia, hata hivyo, haiwekwi kwa ugumu wake. Boroni-10, ambayo ni karibu asilimia 20 ya boroni ya asili, humeza nyutroni, chembe zinazopasua atomi, kwa pupa, hivyo fito zenye kabidi hiyo zikiingizwa kati ya fueli, mfululizo wa kupasuka kwa atomi za urani hukoma. Katika mji huo, wenye ofisi za Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania pale Njiro, si ajabu mtu akiuliza kitu hicho hufanya nini siku ambayo maji ya kupoza yamekosekana.

Wanaotaka kabidi iondolewe huanza na haidrojeni, gesi inayolipuka. Joto likishapita nyuzi 1,000 hivi za Selsiasi, mvuke huishambulia kabidi, na molekuli moja inaweza kuzalisha molekuli saba za haidrojeni pamoja na monoksidi ya kaboni na joto jingi. Kwa uzito uleule, hiyo ni takriban mara sita ya haidrojeni itokayo kwa zirkoniamu, metali ya maganda ya fueli. Tukikumbuka milipuko ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya Machi 2011, katika vinu vilivyotumia fito za kabidi hii, hoja hiyo huonekana kama imekwisha kushinda.

Mimi naiona nyepesi. Zirkoniamu ndani ya kinu hupimwa kwa makumi ya tani, na kabidi ni kidogo mno mbele yake. Majaribio ya QUENCH-07 na QUENCH-09, ya kuunguza na kupoza fito za mfano, yaliyofanyika Karlsruhe, Ujerumani, yalionyesha kuwa mchango wake wa haidrojeni ni sehemu ndogo ya yote, na methani, iliyohofiwa kwa kuwa inaweza kuungana na iodini yenye mionzi itokayo kwenye fueli na kuifanya gesi ngumu kuzuia, ilionekana kwa uchache sana. Ni kweli kwamba kinga ya asili hupotea: katika hewa kavu, oksidi ya boroni huyeyuka kwenye nyuzi 450 na kuifunika kabidi kama kioo laini, lakini mvuke huigeuza oksidi hiyo kuwa asidi za boroni zinazopeperuka, na kuiacha kabidi wazi.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Fundi redio yeyote anajua kwamba bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 na risasi kwenye 327, ilhali lehemu ya mchanganyiko wao huyeyuka kwenye 183. Vivyo hivyo, chuma kisichoshika kutu, ambacho ndicho ganda la kabidi katika fito, huyeyuka karibu na nyuzi 1,450 na kabidi ya boroni juu ya 2,300, lakini vikigusana huyeyushana kwa kasi kwenye nyuzi 1,250 hivi. Fueli yenyewe huhimili hadi zaidi ya 2,800. Maana yake ni kwamba mlinzi, yaani kabidi, hutiririka chini mapema, fueli ikiwa bado imesimama, na maji yasiyo na boroni yakimwagwa hapo mfululizo wa nyuklia unaweza kuanza upya. Ndiyo sababu maji yaliyomiminwa Fukushima yalitiwa asidi ya boriki, yaani asidi yenye boroni.

Je, mbadala ni bora? Aloi ya fedha, indiamu na kadmiamu, inayotumika katika fito za vinu vingine, huyeyuka karibu na nyuzi 800 tu, na kadmiamu huchemka kwenye 767, kwa hiyo kwa kuwahi kuyeyuka haina la kujivunia. Sifa yake ni kwamba madini ya fedha, kama majaribio ya Phébus, ya kuyeyusha fueli, huko Cadarache, Ufaransa, yalivyoonyesha, huikamata iodini ndani ya maji. (Iodini ya kawaida ndiyo tunayoila katika chumvi yenye madini joto, ile yenye mionzi huifuata tezi ileile ya shingoni.) Kabidi haina fedha hiyo, na asidi inayotokana nayo huyachachua maji na kuisaidia iodini kutoroka.

Kwa hiyo ningeiacha ibaki, ila kwa masharti mawili: maji ya dharura yawe na boroni tangu yanapohifadhiwa, na maji yanayokusanyika chini ya kinu yatiwe alkali mapema. Nchi ya Afrika Mashariki itakayokaa mezani na muuzaji wa kinu iyaulize hayo mawili kabla ya kuuliza megawati.